Faragha ya Mteja wa Kijijini

Anayetuletea intaneti nyumbani ni sawa na bawabu asiyelala. Anaweza kujua saa tunayoamka na, mara nyingi, majina ya tovuti tunazozitembelea. Habari hizo ni amana mikononi mwake, wala si bidhaa.

Nchini Marekani, tarehe 27 Oktoba 2016, Tume ya Mawasiliano (FCC) ilipitisha kanuni za kuyazuia makampuni ya intaneti kutumia au kugawa habari nyeti za mteja, kama vile tovuti alizozitembelea na mahali alipo, pasipo idhini yake. Watoa huduma wadogo wa vijijini, ambao baadhi yao ni vyama vya ushirika vya simu, walilalamika kuwa mzigo ni mzito. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Kampuni kubwa ina idara nzima ya mawakili, ilhali kwa mdogo, fedha inayomlipa wakili ndiyo ambayo ingenunua waya wa kufikia kitongoji kingine. Tume iliwasikia. Wenye wateja 100,000 au pungufu waliongezewa miezi 12 ya kujiandaa.

Hata hivyo, Bunge lilizifuta kanuni zote. Seneti ilipiga kura 50 kwa 48, Baraza la Wawakilishi 215 kwa 205, na Rais Donald Trump akatia saini tarehe 3 Aprili 2017. Makampuni yenye mamilioni ya wateja yakapata nafuu ile ile iliyoombwa kwa jina la wanyonge, na Tume ikazuiwa kurudisha kanuni za namna hiyo bila ya sheria mpya.

Sisi tunauliza: mzigo huo ulikuwa wa nani hasa? Asiyekusudia kuuza habari za wateja wake hana idhini kubwa ya kuomba. Kinachombana ni makaratasi na taarifa, na hayo yanaweza kupunguzwa bila ya kumwondolea mteja haki yake. Tena mteja wa mjini akichukizwa huhamia kampuni nyingine. Wa kijijini mara nyingi hana pengine pa kwenda.

Jimbo la Maine, lenye vijiji vingi, lilipitisha sheria yake mwaka 2019, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2020. Inataka idhini, na inakataza kumnyima huduma au kumtoza zaidi mteja anayekataa kuitoa. Vyama vya makampuni viliishitaki mwaka 2020, kisha vikaiacha kesi hiyo mwaka 2022.