Kava la gemu si brosha ya safari

Nilipotea kidogo, kazi za gazetini si mnazijua, ukirudi nyumbani hata kompyuta huitaki kuiona. Leo nimerudi na jambo ambalo wengine mtaliona la kitoto: picha ya gemu dukani. Nivumilieni, lina mambo.

Nina jamaa yangu, fundi simu hapa mjini, kwao ni Tengeru. Kwa miaka miwili, kila akifunga kibanda jioni, alikuwa anatengeneza gemu la simu. Si la risasi wala la mpira. Ni la kuumiza kichwa. Wewe ni mzee wa mfereji kwenye miteremko ya Mlima Meru. Maji yanatoka juu, migomba na kahawa iko chini, kaya ni nyingi na maji hayatoshi. Kazi yako ni kupanga zamu. Ukimpa wa juu siku mbili, wa chini anakaukiwa. Ukimnyima wa juu, usiku anaziba mfereji. Aliyekulia huku Meru anajua kuwa huo si utani, ndugu wananuniana kwa ajili ya zamu ya maji.

Nimelicheza. Siku ya kwanza nilizima simu saa nane usiku, na asubuhi nilikuwa na kikao cha habari.

Basi jamaa akalipa dola 25 za kujiandikisha Google Play, akalipandisha. Miezi mitatu ikapita, waliolipakua hawafiki mia. Akaniambia, "Kaka, naona nirudi kwenye vioo vya simu tu." Nikaona niende mwenyewe dukani nikaangalie kulikoni. Nikakutana na kava.

Wadau, lile kava! Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Simba anaunguruma. Mmasai amesimama na mkuki. Jua linazama. Juu yake jina la Kiingereza la maneno manne, kwa herufi za dhahabu. Mfereji haupo. Maji hayapo. Hata mlima wenyewe si wa kwetu!

Nikafanya jaribio la kienyeji. Nilienda Sanawari, nikamwonyesha dereva wa bodaboda ile picha kwa sekunde mbili, nikaificha. Umeona nini? Akajibu, "Si kampuni ya utalii hiyo, bro? Wale wa kupandisha watu mlima." Nikamuuliza mama mmoja muuza ndizi. Shikamoo mama, hii ni ya nini? "Marahaba. Si ya wale wa Serengeti, baba?"

Hapa Arusha hawakukosea. Picha ile ile iko kwenye milango ya magari ya watalii, kwenye fulana za soko la vinyago na kwenye mabango ya hoteli. Jamaa ametumia miaka miwili kutengeneza gemu, halafu akalivisha sare ya kampuni ya safari.

Nilipomwambia alinijia juu. "Wewe mwandishi huelewi. Wanaolipia gemu ni wazungu, na mzungu bila simba hajui kama hii ni Afrika." Hoja ina uzito, siwezi kuidharau. Mji huu unakula kwa simba. Lakini nauliza: huyo mzungu anayetafuta gemu la kufikiri usiku kwake, anatafuta Afrika au anatafuta gemu? Anayetaka simba atawapata wengi, tena wa bure. Anayetaka gemu la kugawa maji lenye wazee wabishi, hawezi kujua kuwa liko nyuma ya huyo simba. Tumekuwa tukijiuza kwa mgeni kwa picha moja muda mrefu mpaka tumesahau kuwa tuna kitu kingine.

Mimi mambo ya makava nimejifunzia kwenye meza za magazeti. Nendeni pale karibu na Mnara wa Saa asubuhi. Watu wamesimama wanasoma vichwa vya habari bure, mikono mifukoni. Mtu ana sekunde chache, magazeti ni mengi, na mkono utaingia mfukoni kwa kichwa kimoja tu. Na kichwa cha uongo kinauza siku moja. Kesho yake yule yule anapita na kukuambia, "Nyie waongo." Kwenye gemu hasira hiyo inaitwa nyota moja. Ukichora mikuki na vita wakati gemu ni la subira, anayependa vita atalifuta ndani ya dakika tano, na anayependa subira hatalifungua kabisa.

Sasa kava zuri likoje? Mwalimu tunaye wa hapa hapa nchini. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Angalieni kazi zake zenyewe, si zile za siku hizi zilizojaa wanyama arobaini. Kipande cha ubao mgumu cha mraba, mnyama mmoja, nyuma yake rangi moja, na rangi zenyewe za kung'aa za baiskeli. Unamwona ukiwa ng'ambo ya barabara. Aikoni ya Google Play ni mraba wa pikseli 512 kwa 512, na kwenye simu inaonekana kama ncha ya kidole gumba. Mraba, kitu kimoja, rangi moja nyuma. Mzee yule alikuwa anachora aikoni kabla ya simu hizi!

Wakubwa nao wanafanya hivyo. Clash of Clans, lililotoka 2012, ni gemu la kujenga kijiji na kupanga mashambulizi. Aikoni yake ikawa uso wa jamaa mwenye masharubu ya njano anayepiga kelele. Ramani haipo, majengo hayapo. Ni uso mmoja, na ile kelele inakuambia humo ndani kuna kuvamiana. Wengi wakaiga sura za kupiga kelele, na leo ukipanga aikoni hizo pamoja huzitofautishi. Kwa hiyo cha kuiga pale ni kuchagua kitu kimoja kinachosema kazi ya mchezaji ni ipi. Kelele waachieni wenyewe.

Na maneno punguzeni. Google Play tangu 2021 hawataki aikoni zenye majigambo ya namba moja au bei. Steam, duka la gemu za kompyuta, tangu Septemba 2022 wamekataza tuzo, sifa za wahakiki na punguzo kwenye picha hizo. Kinachobaki ni mchoro na jina. Jina lenyewe liwe fupi, lisomeke kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, juani, saa saba mchana.

Jamaa akauliza, jina la Kiswahili nani atalielewa? Nikamkumbusha Civilization IV la mwaka 2005, gemu kubwa la mkakati la Marekani. Linafunguka na wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, wa Christopher Tin, uliokuja kushinda Grammy mwaka 2011. Wachezaji wengi wa dunia hawakuelewa neno hata moja, na hawakukimbia. Sisi wenye lugha ndio tunaiogopa.

Tulikaa Jumapili nzima kibandani kwake. Tumekubaliana jina liwe neno moja: ZAMU. Picha ni mkono wenye jembe kwenye mdomo wa mfereji. Kushoto maji na migomba ya kijani, kulia udongo mwekundu uliopasuka. Jembe liko katikati, halijashuka bado. Mlima haupo, na jamaa ameumia kwa hilo, nikamwambia Meru atauweka kwenye picha za ndani.

Nikarudi Sanawari na picha mpya. Dereva yule hakuwepo, nikampata mwenzake. Sekunde mbili. Akasema, "Hapo kuna mtu ananyimwa maji." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Anayenyimwa ni nani?"

Nikampa simu acheze.

Sijui kama litauza, mimi si mganga. Ila safari hii likikataliwa, litakuwa limekataliwa gemu lenyewe, si Kilimanjaro. Kijana wa Tengeru anastahili walau hilo.

Haya wadau, mnasemaje? Simba arudi au abaki porini? Naomba kuwakilisha.