Kisiwa Bila Mashahidi

Tarehe 25 Oktoba 1983, majeshi ya Marekani yalipoteremka Grenada, kisiwa kidogo cha Karibi ambacho aghalabu ya walimwengu hata mahali kilipo hawakupajua, hapakuwapo nayo mwandishi wa habari hata mmoja, na kwa muda wa siku mbili nzima mamia ya waandishi walikaa Barbados wakitazama bahari. Wachache walipanda mashua ya wavuvi wakafika kwa hila zao. Wanne miongoni mwao, walipokubali kuchukuliwa hadi manowari ya Guam wakidhani watapata njia ya kupeleka habari, walizuiliwa humo, kalamu mikononi na simu hawana.

Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa waandishi wenyewe: udhuru wa ajabu, kwani huko Vietnam wenzao walikwisha kulala mahandakini pamoja na askari, wala hakuna aliyewahurumia. Siku ya tatu walichukuliwa 15 tu, kwa ndege ya jeshi, wakaonyeshwa kile walichokusudiwa kukiona. Ama hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyopigwa mabomu na ndege za Marekani siku ile ya kwanza, wakafa humo wagonjwa zaidi ya kumi, habari yake haikuenea ila baada ya siku kadhaa.

Hatukatai kwamba amiri jeshi ana haki ya kuficha saa ya kushambulia na njia atakayopita. Hiyo ni siri ya vita, na mwandishi mwenye murua huihifadhi. Lakini maiti wale wa hospitali walikuwa siri ya nani, na adui gani angefaidika kuwajua?