Akili Unde Vyuoni: Mwanafunzi Aulizwe, Asiwindwe

TANGU kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipoiweka ChatGPT mikononi mwa umma Novemba 30, 2022, insha iliyokuwa ikimhangaisha mwanachuo wiki nzima huweza kupatikana kwa dakika chache. Wanafunzi wanaitumia akili unde, na hilo halina mjadala. Linalopaswa kujadiliwa ni alama wanazopewa zinapima nini.

Vyuo vingi duniani vilikimbilia kwanza programu za kubaini maandishi ya mashine. Udhaifu wake ulionekana mapema. Januari 2023 OpenAI yenyewe ilitoa programu ya aina hiyo. Katika majaribio yake iliyatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, huku ikiyatuhumu kimakosa asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Julai mwaka huo ikaondolewa. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa kazi ya mashine.

Matokeo hayo yanaigusa Tanzania moja kwa moja. Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vyetu, na kwa wanafunzi walio wengi ni lugha ya pili au ya tatu. Msamiati usio na upana, ambao ni hali ya kawaida ya mtu anayejifunza lugha, ndio programu hizo huusoma kama dalili ya mashine. Mwanafunzi aliyekesha maktaba anaweza kujikuta mbele ya kamati ya nidhamu, kosa lake likiwa ni kuandika Kiingereza chepesi.

Njia yenye mashiko tunayo tayari. Mwanafunzi wa uzamili husimama kuitetea tasnifu yake mbele ya wataalamu, na asiyeielewa hubainika kwa maswali machache. Utaratibu huo unaweza kushushwa hadi kazi za muhula: rasimu ziwasilishwe kwa hatua, takwimu zitokane na soko au shamba alilolitembelea mwanafunzi mwenyewe, kisha aulizwe. Aliyetumia akili unde aeleze aliitumia wapi, na ni lipi alilolikataa katika majibu yake.

Ugumu uko kwenye hesabu. Darasa la wanafunzi 300, kila mmoja akiulizwa kwa dakika 5, linadai saa 25 za mhadhiri kwa kazi moja tu. Agizo lisilogusa mzigo huo litabaki kwenye makabrasha. Mahali pa kuanzia ni kuwauliza wachache kwa kura, ilimradi kila mwanafunzi ajue tangu wiki ya kwanza kwamba jina lake linaweza kutoka.