Kamera au mkeo?
Mwaka jana mimi na waifu tulikwenda kupiga mbizi Mnemba, Zanzibar. GoPro nimeishika mkononi tu, bila kamba. Kwenye mita 12 hivi ikaniponyoka. Nikaifukuza chini, waifu nikamwacha peke yake! Mwalimu akanidaka mguu. Tulipopanda botini, waifu akauliza, "Kumbe mwenzio ni kamera?" Nilikosa jibu.

Wapendanao, GoPro nyingi za sasa zinavumilia mita 10 tu. Ukizama zaidi, ivalishe kasha lake la kuzamia, linafika mita 60. Ifunge kwa kamba yenye klipu kwenye jaketi la kuzamia. Ukitoka, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Ikidondoka, iache iende. Nyingine utanunua, mwenzio hauzwi dukani.