Takwimu Zikisomwa Pamoja, Uraibu Hutambuliwa Mapema: Funzo kwa Ngara na Biharamulo

Mapambano dhidi ya dawa za kulevya nchini yamezoeleka kupimwa kwa kilo zilizokamatwa na mashamba ya bangi yaliyoteketezwa. Vipimo hivyo ni muhimu, lakini havimwoneshi kijana aliyeanza kutumia. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, huyo ndiye anayepaswa kuonekana mapema.

Ngara inapakana na Rwanda kupitia Rusumo na Burundi kupitia Kabanga. Barabara kuu iendayo huko hupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, ambako malori ya masafa marefu husimama. Penye fedha ya haraka, kazi za usiku na wageni wapitao, kilevi humfikia kijana kabla mzazi au mwalimu hajajua.

Dalili za hatari hiyo huanza kuandikwa mapema, ila katika madaftari tofauti. Vituo vya afya huandika majeruhi wa ajali na wagonjwa wa akili katika MTUHA, ambao takwimu zake huingizwa kwenye mfumo wa kidijitali wa DHIS2. Shule huandika utoro. Maduka ya dawa huona wanaorudia kununua dawa za maumivu au za kikohozi. Polisi huandika makosa. Kila daftari likisomwa peke yake, hakuna anayeshtuka; yakisomwa pamoja kwa kata na kwa mwezi, ongezeko huonekana.

Biharamulo inaifahamu thamani ya taarifa ya mapema. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani humo. Machi 13 mwaka huo ukatangazwa kumalizika. Ufuatiliaji wa wagonjwa na waliokutana nao ulikuwa nguzo ya ushindi huo. Uraibu hauambukizi kama virusi, lakini nao huanza kwa wachache na huwa rahisi kudhibitiwa ukiwa mchanga.

Nyenzo hazihitaji gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la ASSIST lenye maswali manane, linalopima kiwango cha hatari ya pombe, tumbaku na dawa za kulevya. Mhudumu aliyefunzwa anaweza kulijaza kwa simu ya mkononi, akatoa ushauri papo hapo au rufaa.

Hata hivyo, dodoso hutegemea ukweli wa anayejibu. Kijana akiamini kuwa jibu lake litafika kituo cha polisi, atanyamaza, na takwimu zitadanganya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo, kinachopaswa kufika kwenye kikao cha wilaya ni idadi kwa kata, wala si majina.

Aidha, kumtambua mtu bila kumpa huduma ni kumwongezea aibu. Tiba ya methadoni iliyoanza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 imethibitisha kuwa mraibu hutibika. Kila ongezeko litakaloonekana kwenye mfumo linapaswa kuwa na mtaalamu wa ustawi wa jamii au wa afya ya akili anayewajibika kulifuatilia.

Wananchi wanaweza kutoa taarifa au kuomba ushauri kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kupitia namba 119, bila malipo.