Aliyebeba Mzigo Naye Amefika

Ndugu vijana, kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori, mpakani mwa nchi yetu na Uganda, kina urefu wa mita 5,109. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alikifikia na kukipa jina la malkia wa nchi yake. Kilele jirani kikapewa jina la malkia wa Uingereza. Wapagazi Waafrika waliobeba mahema na chakula chake katika matope na baridi hawakupewa kilele hata kimoja.

Lubumbashi hatuna mlima wa barafu, lakini wapagazi tunao. Mtazameni mtu aletaye makala mjini kwa baiskeli. Baiskeli haimbebi, yeye ndiye anayeisukuma kwa miguu, magunia yakiwa yamempita kimo, na kila mwinuko wa barabara kwake ni mlima. Sisi wa Karavia twala chakula kilichoiva kwa jasho lake, kisha twampigia honi atupishe.

Naona hapo tunakosa haki, siyo adabu tu. Injili ya Marko ilihifadhi jina la Simoni Mkirene, aliyebeba msalaba, hata majina ya wanawe. Basi, tukimkuta mwenye makala kwenye mwinuko, tumsalimu, tumwulize jina, tumsaidie kusukuma. Na tunaponunua, tusimpunje bei, kwani bei hiyo ndiyo malipo ya safari yake.