Usilipie tovuti inayorukaruka

Siku hizi si ajabu kumkuta muuza miche au mnunuzi wa vitunguu akiwa na tovuti yake, aliyomlipa fundi kuitengeneza. Ni jambo la heri. Tatizo ni kwamba wengi huonyeshwa kwanza mbwembwe: bei zinaruka kutoka kushoto, vitufe vinazunguka, na mwenye duka akishastaajabu anatoa fedha. Je, mteja naye anastaajabu?

Chukua mkokoteni wenye magunia sita ya mahindi. Hauondoki kwa kasi kamili papo hapo, wala hausimami ghafla kama uliogonga ukuta. Huanza taratibu, hushika kasi, kisha mwenye kuusukuma huanza kuuzuia kabla hajafika. Jicho limezoea hivyo tangu utotoni. Kitu kinachopita kwenye kioo cha simu kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho, halafu kikaganda, kinaonekana kama kimeharibika.

Wachora katuni walilijua hili zamani. Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney, katika kitabu chao cha mwaka 1981, waliuweka mwendo wa kuanza na kumaliza polepole miongoni mwa kanuni 12 za kazi yao. Tovuti za leo hupanga mwendo huo kwa mistari ya pinde yenye jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia miaka ya 1960 kuchora mabodi ya magari. Kumbe bodi ya gari na kitufe cha kununulia mbolea ni hesabu za ukoo mmoja!

Basi fundi asidai kwamba mwendo laini ni kazi ya ziada. Mara nyingi ni neno moja tu katika maandishi ya tovuti, na halili bando la mteja kama video. Tena, katika njia ya kawaida ya kuandika mijongeo, fundi asipotaja chochote mwendo huja ukiwa umelainishwa kiasi.

Lenye uzito zaidi kwa mwenye duka ni hili: kinachoingia kianze haraka, kitulie polepole. Mteja anapobonyeza kitufe cha kuagiza lazima aone jibu papo hapo. Likianza kwa kusuasua, atadhani simu haikusikia na atabonyeza tena; hapo ndipo mifuko miwili ya mbolea inapokuwa minne, na ugomvi unaanza wa nani alipe usafiri wa kuirudisha. Muda nao uwe mfupi, kama robo sekunde hivi. Mnunuzi aliyekuja kutazama bei hana haja ya kuingoja iteremke kama pazia.

Wapo pia wanaopata kizunguzungu kwa vitu vinavyokwenda kwenda. Simu nyingi zina mahali pa kupunguza mijongeo, na tovuti inapaswa kutii.

Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mwenye duka aifungue tovuti kwenye simu ya bei nafuu, si kwenye kompyuta ya fundi. Simu dhaifu hukwama zaidi pale kitu kinapobadilika ukubwa na kusukuma vingine kuliko kinaposogea tu. Ikikwama, fedha ibaki mfukoni mpaka irekebishwe.